Roboti ya kusikiliza seli moja ndani ya ubongo: nimekaa nayo miezi nane, haya ndo maoni yangu

Naanza na nyota msije mkahangaika kuzitafuta huko chini: 4 kwa 5. Hiyo moja nimeizuia si ju roboti ni mbaya, ni ju ya mambo ambayo roboti haikufanyii na hakuna mtu hukutajia mapema, unakuja kuyajua ushanunua vifaa na usiku wa tatu hujalala. Tumekaa na hii kitu miezi nane sasa hapa Nairobi, kwa maabara ndogo ya fiziolojia isiyo na pesa mingi, na kila nikikutana na wenzangu wananiuliza kama inafanya kazi kweli ama ni hadithi za majuu. Inafanya. Lakini ngoja nieleze pole pole.

Kazi yenyewe inaitwa pachi klampu. Unachukua kamrija ka glasi, unakavuta kwa moto hadi ncha ibaki na tundu la kama maikromita 1, yaani upana wa unywele mmoja unatoshea matundu kama hayo zaidi ya hamsini yakipangwa. Unakajaza maji ya chumvi, unaingiza waya wa fedha ndani yake, alafu unakashusha ndani ya ubongo wa panya aliyelazwa kwa dawa, yuko hai, moyo unapiga, anapumua, na huko ndani unatafuta seli moja ya neva. Moja tu. Ukiifikia unafyonza taratibu, utando wa seli unashikana na mdomo wa glasi hadi umeme hauna pa kutorokea, ukinzani unapita ohmu bilioni 1 ndo maana wenyewe wanaita sili ya giga, halafu unafyonza mara moja kwa nguvu hako kautando kanatoboka na sasa uko ndani. Kuanzia hapo kila kitu hiyo seli inaambiwa na wenzake na kila inachojibu unakiona kwa skrini, hata minong'ono ya chini ya milivoti 1. Erwin Neher na Bert Sakmann ndo walianzisha mambo ya pachi 1976 kule Göttingen, Ujerumani, wakapewa Nobel 1991, na ukitaka kusikia seli moja kwa usafi hadi leo hapo ndo unarudi.

Ubaya ni kwamba kwa mnyama hai huoni kitu. Kipande cha ubongo kilichokatwa unakiweka chini ya hadubini unaiona seli ile pale, unaielekea. Lakini kwa mnyama hai ncha imezama nusu milimita ndani na wewe unapapasa tu ukiangalia mistari. Kwa hivyo watu hukaa na anayejua, miezi mingi, wengine miaka, wanaharibu pipeti (ndo hako kamrija ka glasi) mamia mpaka siku moja mkono ukubali. Sasa mimi ningekaa na nani? Daktari anayenisimamia aliifanya zamani akiwa ng'ambo, na ilikuwa kwa vipande, si kwa mnyama hai. Hakukuwa na jirani wa kupigia hodi.

Na sikutaka kuacha. Binamu yangu ana kifafa tangu akiwa darasa la tatu, nimemshika kichwa akianguka zaidi ya mara ambazo naweza hesabu, na kule nyumbani Mtwapa, pwani, bado kuna watu wazima wenye akili zao wanaamini amepandwa na pepo. Mimi nataka kujua seli moja inafanya nini ile sekunde kabla wenzake wote hawajaanza kupiga kelele pamoja. Hilo swali huliulizi kwa elektrodi za kubandika kichwani, hizo zinakupa mvumo wa mamilioni ya seli kwa mpigo. Unaliuliza ukiwa ndani ya seli.

Hapo ndo roboti inaingia. 2012 watu wa Georgia Tech na MIT, vyuo vya Marekani, Suhasa Kodandaramaiah akiwa mbele, pamoja na Craig Forest na Ed Boyden, walitoa mashine inayofanya hiyo kupapasa yenyewe. Walichogundua ni kitu rahisi ukishakijua. Pipeti inatuma vipigo vidogo vya umeme na kupima ukinzani wake kila wakati. Ikiwa kwa nafasi wazi umeme unatoka vizuri kwa ncha, ikikaribia utando wa seli njia inabanwa, ukinzani unapanda kidogo. Ni kama mpira wa kumwagilia sukuma, huna haja ya kuona kidole kimeziba mdomo wa mpira, mkono ulioshika mpira unajua. Basi roboti inashuka maikromita 2, inapima, inashuka 2 tena, inapima, na ikiona ukinzani umepanda hatua kadhaa zikifuatana, si mara moja tu, inasimama, inaachilia ile presha ndogo iliyokuwa inapuliza kwa ncha wakati wa kushuka, inaanza kufyonza yenyewe, inangoja sili, halafu inatoboa. Katika majaribio yao, kama theluthi moja ya mara walizojaribu walifika ndani ya seli, kila jaribio likichukua kama dakika 5, na hiyo haikupitwa na mtaalamu wa mkono, ilimshinda kidogo hata. Na hawakuficha. Walitoa programu na michoro wazi, 2016 wakatoa mwongozo mzima wa kuiunda, bolti kwa bolti. Sisi tuliunda kwa huo mwongozo.

Tuje sasa kwa maduka, ju najua wengi mnasoma hii mkitaka kujua inaundwa na nini hapa mjini.

Vitu viwili hamna njia ya mkato: ampilifaya ya pachi, ile ya kukuza umeme mdogo wa seli, na ile mota ya kusogeza pipeti kwa hatua ndogo ndogo. Hizo ndo pesa. Zetu ni za mitumba, maabara moja ng'ambo ilikuwa inabadilisha vifaa ikatupea, na wakala aliyetuletea mzigo alikaa nao wiki sita akisema kesho, kesho, na ulipofika kisanduku kimoja kilikuwa kimefunguliwa na skrubu nne hazipo. Simtaji. Ila mkiagiza kitu pigeni picha ya kila kipande kabla hakijafungwa huko kinakotoka, hiyo imetuokoa kwa bima.

Vingine vyote ni Luthuli na Kamukunji. Valvu ndogo za hewa za umeme, rilei, waya, bodi ya kuongozea valvu kutoka kwa kompyuta, hizo Luthuli Avenue unazunguka asubuhi moja unamaliza. Nilipata kaka mmoja kwa duka la ghorofani, hajawahi kusikia pachi klampu maisha yake, lakini nikamwambia nataka valvu inayofunga kwa haraka na haivuji hata kidogo kwa presha ya chini, akanitolea tatu akaziunganisha hapo hapo na betri, akaweka sikio, akarudisha moja kwa rafu akasema hii hapana dada, ina pumzi. Huyo nampa nyota 5 zake peke yake. Duka lingine jirani waliniuzia regyuleta ya presha wakiapa ni mpya, kumbe imefunguliwa ndani ikapakwa grisi, na grisi ikiingia kwa njia ya hewa inafika kwa pipeti na hapo sili usahau. Nilirudi nao wakaniambia bidhaa ikitoka haina kurudi. Pimeni kabla ya kulipa.

Kizimba cha waya cha kuzuia umeme wa nje nilitengenezewa Kamukunji kwa siku mbili, fundi alidhani nafuga njiwa, nikamchorea, akaniuliza mbona mlango unataka kugusana na fremu kote kote, nikamweleza, akaongeza vipande vya shaba kwa bawaba bila kuulizwa. Meza ni graniti ile ya kaunta za jikoni, kipande kilichobaki, kimewekwa juu ya tyubu nne za baiskeli zilizojazwa nusu. Waya za fedha tunazichovya kwa Jik, Jik hii hii ya kufulia, dakika kama ishirini hadi ziwe na rangi ya kijivu iliyoiva, zikibaki kung'aa hazijawa tayari, zitakuletea usomaji unaotembea tembea.

Sasa ile nyota moja.

Wiki tatu za kwanza hatukupata seli hata moja. Roboti inashuka vizuri, ukinzani unapanda vizuri, inasimama inasema nimepata, inaanza kufyonza, hakuna kitu. Tena. Tena. Nilibadilisha glasi, nikabadilisha maji ya chumvi, nikalaumu dawa ya usingizi, nikajilaumu mimi kwa upasuaji. Daktari naye akaanza kuniangalia vile mtu anaangalia mgeni aliyekaa sana. Kumbe ilikuwa ni sensa ya presha. Tulinunua ile inayopima presha yote ya hewa, si ile inayolinganisha na hewa ya nje, na programu tuliyoandika inapunguza milibari 1013, presha ya usawa wa bahari, ndo ipate tofauti. Ningekuwa nyumbani Mtwapa ingeenda sawa kabisa. Lakini Nairobi tuko mita 1,795 juu, hewa hapa ni kama milibari 820. Kwa hivyo mrija ukiwa wazi hivi, hakuna kitu kimeunganishwa, mashine ilikuwa inasoma kuna mfyonzo wa karibu 190. Na sisi tukiiambia tupe presha ndogo ya 25 wakati wa kutafuta seli, ilikuwa inatoa zaidi ya 200. Tulikuwa tunapuliza seli. Kila moja roboti ilipoipata kwa uaminifu kabisa tulikuwa tumeipuliza kando kabla ya kuishika.

Nilikaa chini kwa sakafu siku hiyo nilipoona ile namba na mrija uko wazi. Wiki tatu, na wanyama wale. Kila mnyama tuliotumia tulikuwa tumeomba ruhusa yake kwa karatasi tukasema atatumika kwa sababu ya maana. Hiyo ilinikaa rohoni na bado inanikaa, ndo maana naiandika hapa ndefu hivi: kama unaunda hii kitu sehemu ya juu, Nairobi, Eldoret, Nyahururu, nunua sensa inayolinganisha na hewa ya nje, na kabla hujamgusa mnyama yeyote acha mrija wazi uone kama inasoma sufuri.

Baada ya hapo ikawa presha inashuka yenyewe pole pole, na hiyo ndo Mzee wetu aliitatua. Mzee ni fundi wa maabara, ameandalia wanafunzi wa udaktari vyura wa mazoezi ya neva tangu mimi sijazaliwa, na miaka ya hivi karibuni mikono yake inatetemeka kidogo, kazi ya kupasua ameachia vijana. Alikuja akasimama nyuma yangu nikihangaika na jointi za mirija, akaenda, akarudi na beseni la maji na Omo, akaniambia, "Mwanangu, wewe hujawahi kuziba pancha?" Akachovya mrija wote kipande kwa kipande. Jointi ya pili kutoka kwa valvu ikatoa povu dogo, dogo sana, kapovu kamoja baada ya kengine. Mashine zote hizo na hatukuwa tumefikiria beseni.

Na kelele. Umeme wetu ni mizunguko 50 kwa sekunde na hiyo mizunguko inaingia kwa kila kitu, ukiona mstari wako unatetemeka sawasawa kama msumeno jua ni hiyo. Yetu ilitoka kwa friji ya chumba cha pili, tuliipata kwa kuzima kitu kimoja kimoja jengo zima usiku. Mtetemo nao ni wa barabara, hasa nganya, yaani matatu, za jioni, zile zenye wufa za kutikisa dirisha, unaona kabisa ukinzani ukiyumba gari likipita na roboti inadhani imepata seli. Tunafanya kazi kuanzia saa nne usiku. Umeme ukipotea katikati umepoteza kila kitu, stabilaiza peke yake haitoshi, tumeweka betri za kushikilia saa moja.

Kwa hivyo msikilize vizuri ninachosema. Roboti inakupa mkono. Haikupi mengine. Upasuaji wa kufungua dirisha dogo kwa fuvu bila kuumiza ubongo, kutoa ule utando mgumu wa juu bila damu, kuvuta pipeti zenye ukinzani wa megaohmu, yaani ohmu milioni, 4 hadi 8 (ikiwa nje ya hapo programu yenyewe inaikataa, nayo inafanya vyema), maji ya chumvi yaliyochujwa, vumbi, joto la mnyama, hayo yote ni yako. Na ncha ikishagusa kitu imechafuka, kila jaribio linataka pipeti mpya, unaibadilisha kwa mkono, unarudi mwanzo. Hapo ndo uchovu uko. Kikundi hicho hicho cha Forest walionyesha 2016 kwamba pipeti unaweza kuiosha kwa sabuni ya maabara inaitwa Alconox halafu ukaisuuza, ukaitumia tena hadi mara 10, nasi tumeanza kujaribu, sina maoni kamili bado isipokuwa kwamba inaokoa glasi.

Wacha sasa niseme kwa nini nimeipa 4 na si 2.

Usiku wa kwanza ilipokubali, mimi nilikuwa nimeshika taa ya mnyama naangalia pumzi zake, kwa hivyo kompyutani alikaa Mzee. Nikamwambia Mzee bonyeza hapo palipoandikwa tafuta. Akabonyeza kwa kidole kimoja, mkono mwingine ameushika juu ya goti utulie. Mota ikaanza kale kasauti kake, tik, inanyamaza, tik, inanyamaza. Akawa ananisomea namba za ukinzani, kwa megaohmu, kwa sauti bila kuambiwa. 5.8. 5.8. 5.9. 5.8. Tulikaa hivyo dakika mbili nzima. 5.9. 6.0. 6.2. Ikasimama. Valvu ikabofya. Akasema 9. 14. 40. Mimi siwezi kugeuka ju nimeshika taa. 110. 300. Akanyamaza, nikamwambia Mzee soma, akasema imeandika kitu kingine sasa, imeandika 1.2 na herufi imebadilika. Ni giga, nikamwambia. Imepita giga. Valvu ikabofya tena, kwa nguvu, na spika tuliyounganisha ikaanza kupiga tap, tap-tap, kimya, tap.

Akavua miwani akaifuta na kona ya koti, akaivaa, akaangalia tena. Ameshika neva za vyura miaka zaidi ya thelathini, na zile ni neva nzima, nyuzi maelfu pamoja. Akaniuliza, "Hii ni moja?" Nikamwambia ni moja. Akaniuliza tena.

Nataka muelewe hiyo seli inafanana na nini kwa skrini kwa sababu picha za vitabu zinadanganya, zinaonyesha ule mruko mmoja wa milivoti 100 hivi na basi. Mnyama akiwa amelala kwa ile dawa ya ketamini na zailazini, seli za gamba la ubongo hazikai mahali pamoja. Mstari unakaa chini, kama milivoti 70 chini ya sufuri, umetulia, halafu bila kishindo unaanza kupanda, unajaa, unafika juu, na huko juu ndo seli inapiga mara moja, mara mbili, halafu inapwa, inarudi chini. Karibu mara moja kila sekunde. Kujaa na kupwa. Mimi nimekulia ufukweni, nimeona maji yakifanya hivyo maisha yangu yote kwa masaa sita sita, sikutegemea kuyaona kwa sekunde, ndani ya kitu chenye upana wa maikromita kumi na kitu. Na wakati wa kupwa si kwamba imelala tu, ukikuza mstari unaona vijiwimbi vidogo vidogo, hivyo ndo wenzake wanaosema nayo. Tuliishikilia dakika 38 halafu pipeti ikateleza. Siku hizi siku nzuri tunaingia ndani ya seli kama mara moja kwa nne. Hatujafika theluthi yao, na naamini ni usafi wetu, si mashine.

Wengine mtaniuliza mbona sikuchukua zile elektrodi mpya za silikoni, Neuropixels, zilizotoka 2017, uzi mmoja mwembamba una sehemu 960 za kusikilizia na unasoma 384 kwa wakati mmoja. Ni kifaa cha ajabu na ningependa kukipata, lakini kinasikiliza kutoka nje ya seli. Ni kama umesimama ngazini kwa ploti, unasikia nani amefungua mlango, nani anapigia watoto kelele, nyumba zote mara moja, hiyo ni habari kubwa. Ila aliyeketi ndani kimya anafikiria kama atapiga kelele ama asipige, huyo humsikii. Kwa kifafa mimi namtaka huyo. Ukiwa swali lako ni la ploti nzima, chukua hiyo nyingine, wala usihangaike na glasi.

Pia kuna hatua za mbele za hii roboti yenyewe. 2017 vikundi viwili, cha MIT na cha Imperial College London, viliiunganisha na hadubini ya leza ya fotoni mbili, ile inayoona seli ndani ya ubongo hai, ili iende kwa seli uliyoichagua, si ile inayogongana nayo gizani. 2018 kina Kodandaramaiah wakaonyesha roboti nne zikifanya kazi pamoja kwa ubongo mmoja zisigongane. Hadubini hiyo hatutaipata kesho. Nne zikiwa pamoja ingetosha kunifanya nisilale kwa furaha, ju seli mbili zilizo jirani zikirekodiwa kwa wakati mmoja ndo unaanza kuona nani anamwambukiza nani.

Nilimchezea binamu rekodi kwa simu alipokuja Desemba. Nilimwambia ukweli kwamba hii haitibu kifafa, haitamtibu yeye, ni kusikiliza tu kwanza. Akaweka simu sikioni akafunga macho. Akasema, "Dada, inangoja wenzake, si ndio?" Nikamwambia inaonekana hivyo. Akauliza kama siku nyingine nitaipata hiyo hiyo. Hapana, kila usiku ni nyingine. Akairudisha mwanzo akasikiliza tena hadi pale mwisho inapokatika.

Kwa aliye Nairobi na anataka kuona kabla ya kununua chochote, njoo usiku wa Jumatano ama Alhamisi, mnaonijua mna namba yangu. Vaa sweta, dirisha hufungwa lakini heta haturuhusu ju ya umeme. Ukija na pipeti zako tutazipima kwanza. Na ukipitia Luthuli niletee jointi mbili za mrija wa milimita 4, ile ya pili kutoka kwa valvu imeanza kutoa povu tena.